Saa kumi jioni, waachieni ndege fungu lao

Siku za bamvua, maji ya Mida hujaa kwenye saa kumi jioni. Ndivyo ilivyo pwani yetu yote, mwezi uwe mwandamo au mpevu: kwenye saa nne asubuhi bahari imekupwa hadi kule mbali na akina mama wako nje na vikapu wakitafuta pweza, na ikifika alasiri imesharudi, imejaa hadi mizizini mwa mikoko. Naanza na saa hiyo kwa sababu ndiyo yenye ugomvi wangu. Saa kumi jioni jua limepoa, watoto wametoka shule, wageni wa hoteli wameamka usingizi wa mchana, na kila mtu anataka kutembea ufuoni. Na ndiyo saa ileile ambayo maelfu ya ndege waliotapakaa topeni tangu asubuhi hawana tena pa kuweka mguu, isipokuwa mafungu mawili matatu ya mchanga yanayobaki makavu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa hapahapa ukingoni mwa Mida, baba yangu alivua humu kwa dau na mshipi, na nilifundisha shule za msingi za upande huu wa Kilifi miaka thelathini na mmoja. Tangu nistaafu, bamvua zilizonipita ni chache. Nakwenda na darubini niliyouziwa ikiwa imeshatumika, kofia ya ukindu na daftari la mistari, nakaa chini ya mkoko mmoja mkubwa wa aina ya mchu, nahesabu. Mwanzoni watu walinishangaa. Siku hizi vijana wakipita na dau huniita kwa mbali, "Shikamoo mwalimu! Wamerudi?" Nami huitika marahaba, nikawaambia nani amerudi na nani bado.

Wengi hudhani kutazama ndege ni mchezo wa watalii. Mimi nilifunzwa na mvuvi asiyejua kusoma. Baba hakuwa na saa ya mkononi. Alikuwa na sululu. Huyu ni yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, na jina lake ndilo hilohilo la chombo cha kuchimbia mawe. Ukimwona akichimbua kaa, huna haja ya kuuliza kwa nini. Yule sululu mdogo ana mluzi wa haraka, mara saba hivi kwa pumzi moja. Maji yakikupwa hutawanyika topeni, kila mmoja na eneo lake. Maji yakigeuka, huanza kuitana na kuruka kuelekea mafunguni. Baba akisikia miluzi ile ikipita juu ya kichwa chake, alikuwa akikunja mshipi na kushika kasia, maana alijua muda si mrefu mkondo wa mlangoni utakuwa umeshika nguvu. Na wavuvi wa nje ya mwamba nao husoma ndege hadi leo: wakiwaona buabua wamekusanyika mahali pamoja wanajitupa majini, wanajua chini yake kuna jodari wanaosukuma dagaa juu. Haya ni maarifa ya kwetu, tena ya siku nyingi. Kilichopungua ni watu wa kuyashika.

Kwa asiyepajua, Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kusini mwa mji wa Watamu, na nyuma yake, ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, uko msitu wa Arabuko-Sokoke. Mlango wake ni mwembamba, lakini ndani pamepanuka, na maji yakitoka huacha uwanda wa tope na mchanga ambao mtu hauvuki kwa muda mfupi. Eneo hili limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu tangu mwaka 1968. Tope hilo mtu mgeni huliona chafu. Ukiinama ukalitazama kwa makini, utaliona linatembea: vikaa vidogo vinaingia na kutoka mashimoni, minyoo inasukuma mchanga juu, konokono wanajikokota wakiacha mifereji. Hicho ndicho chakula kinachowavuta ndege kutoka upande wa pili wa dunia.

Chukua kitwitwi mmoja tu, yule mwenye mdomo mweusi uliojikunja kidogo nchani. Uzito wake ni kama wa yai la kuku. Yeye hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Siberia, nchi ambayo ardhi yake imeganda barafu chini na jua la mwezi wa sita halitui. Kutoka huko hadi Mida ni zaidi ya kilomita 8,000. Wa kwanza hufika mwezi wa nane, na hao ni wazazi. Makinda wa mwaka ule hufuata baadaye bila kuongozwa, katika safari ambayo hawajawahi kuifanya. Ukimwona mzazi aliyetua jana, bado ana wekundu kifuani, wekundu hasa wa ule udongo wa njia za msitu wa Arabuko baada ya mvua. Ifikapo mwezi wa kumi wekundu umekwisha, amekuwa wa kijivu kama tope analokanyaga. Mwezi wa tatu wekundu hurudi, unyoya mmoja leo, mwingine kesho kutwa, na siku moja ya mwezi wa nne unakwenda ufuoni unakuta wekundu wote wameondoka. Nimeyaona haya mwaka baada ya mwaka na bado kila mara hunisimamisha.

Wazee wetu waligawa mwaka kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na mimi darasani niliwafundisha watoto kwamba kaskazi ndiyo inayotuletea ndege kama ilivyokuwa ikileta majahazi kutoka Omani. Daftari langu limenisahihisha. Ndege wa kwanza hutua kusi ikingali inavuma kwa nguvu, tena inawapiga usoni. Hawangoji upepo wa kuwabeba. Kurudi, hapo ndipo wanapofanana na manahodha: huondoka kusi ikianza kuvuma na kuwasukuma mgongoni. Wala si wote wanaoondoka. Wale waliozaliwa mwaka uliotangulia, wengi wao hubaki nasi kusi nzima, hawajakomaa kuzaa na hakuna haja ya kwenda. Na kusi hiyohiyo ina wageni wake wengine. Mtu akienda mdomo wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, kati ya mwezi wa nne na wa tisa, atakuta makundi ya ndege wa kahawia wenye mabawa marefu yaliyochongoka kama ya mbayuwayu, wamelala mchangani wote wakielekea upepo. Hao huzaliana Madagaska peke yake, kisha huvuka bahari kuja kukaa kwetu. Ndege wa baridi ya Siberia wakiondoka, ndege wa Madagaska wanaingia. Pwani hii haina mwezi ambao nyumba ya wageni imefungwa.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene ambao mtu angesema ni wa ndege mkubwa zaidi yake. Mimi humwita mlakaa, maana kaa ndio chakula chake. Walakaa huzaliana katika visiwa na fukwe za joto kali za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Omani. Hawajengi tundu juu ya mti. Huchimba shimo refu mchangani kama panya, na humo ndani jike hutaga yai moja tu, jeupe. Joto la mchanga wenyewe husaidia kuliatamia, hata mzazi anaweza kuliacha kwa saa nyingi akaenda kutafuta riziki. Kisha, kinda likipata nguvu za kuruka, familia inashika njia ya kusini.

Nataka nikueleze nilichokiona mwezi wa kumi, jioni moja ya bamvua, nikiwa nimekaa chini ya mchu wangu. Maji yalikuwa yamebakisha ukanda wa tope wa upana wa barabara. Mlakaa mmoja alikuwa anatembea polepole, hatua tatu, anasimama, kichwa kimeinama upande. Nyuma yake, karibu kugusana, alikuwepo mwingine wa kimo kilekile, ila mgongo wake ulikuwa wa kijivu badala ya mweusi. Huyu wa nyuma alikuwa ameinamisha shingo na kujikunja, analia mluzi mwembamba usiokatika. Wa mbele akachomoka mbio, akadunga tope, akatoka na kaa. Akampiga chini mara mbili, tatu, miguu ya kaa ikaruka huku na huku. Kisha akageuka akampa yule wa nyuma mdomoni. Kinda huyo alikuwa ameruka maelfu ya kilomita kwa mabawa yake mwenyewe kutoka kule alikozaliwa, na bado mama yake au baba yake anamlisha. Miezi baada ya safari, bado anamlisha. Ni ndege wachache sana wa aina hii duniani wanaofanya hivyo, na wanafanya hapa, mbele ya macho yetu, nyuma ya shule zetu. Nilimpa mjukuu wangu darubini aone. Alitazama muda mrefu, akaniuliza, "Bibi, sasa mbona hajifunzi kukamata mwenyewe?" Nikamwambia anajifunza, kukamata kaa bila kubanwa si kazi ya siku moja, hata babako ilimchukua muda.

Sasa nirudi kwenye saa kumi. Mwezi wa tatu mwaka juzi, siku ya bamvua kubwa, nilikuwa nimekaa na daftari, ndege wamejaa funguni wamebanana hata mchanga hauonekani. Vitwitwi walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, sululu wamewazunguka kama wazee wa kikao, na walakaa wamekaa pembeni. Zikaja pikipiki tatu za magurudumu manne, vijana wa kukodisha na wateja wao, zikakata moja kwa moja katikati ya fungu. Kundi zima likapaa. Wakazunguka juu ya maji, wakarudi kutua. Pikipiki zikageuka. Wakapaa tena. Kisha akaja mtu na mbwa wawili waliofunguliwa, akacheka mbwa wakiwafukuza ndege. Nilianza kuandika saa na dakika. Kwa muda wa saa moja walirushwa mara saba. Mara ya nane hawakurudi. Waligawanyika makundi makundi wakatoweka upande wa baharini, jua linashuka, maji yamejaa, na sijui walikolala.

Sikumlaumu kijana aliyeendesha mojawapo ya pikipiki zile. Nilimfuata nikamsalimu, akanijibu kwa adabu, akaniambia kwa uso wa mshangao, "Lakini mwalimu, si wana mabawa? Wanaruka tu." Ndiyo hiyo sentensi iliyonifanya niandike makala haya. Kijana yule hakuwa mkatili. Hakuna aliyewahi kumwambia ndege anaruka kwa kitu gani.

Anaruka kwa mafuta. Mwezi wa tatu na wa nne ndiyo miezi ya kunenepa. Kitwitwi anakula kila saa ambayo tope liko wazi, usiku na mchana, anajaza mafuta chini ya ngozi ya kifua na tumbo hadi anakuwa mviringo, kwa sababu safari iliyo mbele yake ina masafa marefu yasiyo na mahali pa kula. Tope likifunikwa hana cha kula. Kilichobaki ni kusimama kimya asiunguze alichokusanya. Kumrusha mara saba saa hiyo ni sawa na kumchotea msafiri mafuta ya gari lake usiku wa kuamkia safari. Ataondoka, maana tarehe ikifika huondoka. Kama atafika ni jambo jingine, na akifika amekonda hawezi kutaga.

Na hali yao tayari ni mbaya. Mwezi wa kumi mwaka 2024, orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini ilipotolewa upya, kitwitwi huyohuyo wa mdomo uliopinda alipandishwa akawekwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Aliwekwa pamoja na ndege mwingine wa hapa kwetu, yule wa kijivu mnene mwenye macho makubwa na kwapa jeusi linaloonekana akiruka. Hawa si ndege wa hadithi za mbali. Wako Mida, wako Sabaki, wako kwenye tope la Tudor na la Gazi. Sababu za kupungua kwao ni nyingi, nyingine ziko kule wanakozaliwa, nyingine ziko njiani ambako fukwe zimefukiwa na kujengwa. Mimi sina uwezo juu ya Siberia. Nina uwezo juu ya fungu ninaloliona nikisimama mlangoni kwangu, na wewe msomaji wa pwani unao wako.

Kuna ndege wa kwetu pia, wasioenda popote, na hao ndio husahaulika zaidi kwa sababu tumewazoea. Mnazi wa uani kwangu ulikuwa na viota vya mnana wa manjano, wale wanaosuka kwa nyuzi za makuti. Kelele zao ndizo zilizokuwa zikiniamsha. Miaka hii kunguru wa Bara Hindi wamewamaliza. Wanachana kiota kutoka chini na kutoa makinda mmoja mmoja. Kunguru hao waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakavuka hadi bara, na mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja kati yao. Naunga mkono mpango huo. Lakini kunguru hula jaa, na jaa ni letu. Asiyetazama ndege hasikii siku mnana waliponyamaza.

Kuna mnana mwingine ambaye jina lake la kisayansi liliandikwa mwaka 1913, na duniani kote anapatikana katika kaunti yetu ya Kilifi tu, Arabuko na nyika ya Dakatcha. Kwa miaka mia moja wataalamu hawakujua anajenga wapi. Viota vyake vilipatikana mwaka 2013, huko Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu, watu wa hukohuko wakishirikiana na shirika la Nature Kenya. Nikifikiri jambo hilo huwa najiuliza ni mara ngapi mchungaji wa mbuzi alikipita kinamasi kile akawaona, akaenda zake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokiona kina thamani. Ndiyo maana nasema kazi hii ya kutazama ni yetu kwanza. Mgeni anakuja wiki mbili. Sisi tupo bamvua zote.

Na si kazi ngumu. Kuhesabu kundi nimewafundisha watoto wa darasa la tano. Unahesabu kumi, mmoja mmoja, unaona kumi ni kundi la ukubwa gani. Unasogeza jicho, unahesabu kumi kumi hadi hamsini, kisha hamsini hamsini. Unamwandikisha mwenzako huku wewe hutoi macho kwenye darubini. Unaanza saa mbili kabla ya maji kujaa, wakati tope linapungua na ndege wanasogea karibu wenyewe, jua likiwa mgongoni kwako. Kila mwezi wa kwanza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya hushiriki hesabu ya ndege wa majini, na wanaojitokeza kusaidia hapa pwani wangeweza kuwa wengi mara kumi. Watoto wa hapa Dabaso wanayajua majina ya wachezaji wa timu za Uingereza hadi walio benchi. Majina ya kulastara, mnandi, mdiria, keremkerem na furukombe, majina matamu yaliyopo katika lugha yetu tangu zamani, nililazimika kuyaandika ubaoni kama msamiati mpya. Walipoyapata hawakuyaacha. Mwanafunzi mmoja alikuja kuniambia jioni ameona keremkerem wekundu wakiingia kulala mikokoni, wanashuka kama makaa ya moto yanayorushwa. Kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna kitabu kilichompa.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nimeshaambiwa kwenye baraza: mwalimu, watu wana njaa, vijana hawana kazi, wewe unatuletea habari za ndege. Sijadharau neno hilo. Vijana wa pikipiki wanatafuta riziki kama baba yangu alivyoitafuta. Lakini riziki ya ndege ipo pia na tumeiona. Lile daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko hapa Mida lina kiingilio, na kupitia mpango wa ASSETS, ulioanza mwaka 2001, fedha za utalii wa aina hiyo zimesaidia kulipa karo ya shule za upili kwa watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu na mkono huu wa bahari. Nimewaona wanafunzi wangu wakifaidika. Wapo waongozaji wanaoishi kwa kuonyesha ndege. Hata hivyo sitaki kuwatetea ndege kwa fedha peke yake. Mwaka 2020 watalii walikatika, kiingilio kikakauka, hoteli zikafunga milango. Mwezi wa nane, vitwitwi walikuja. Wangekuwa na thamani ya mtalii tu, mwaka ule wasingekuwa na thamani yoyote, na mimi niliyekaa nao peke yangu kwenye ufuo mtupu najua haikuwa hivyo.

Ninachokiomba ni kidogo hata naona haya kukirudia. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na kila moja ni siku kama nne. Siku hizo, kuanzia mwezi wa nane hadi wa nne, tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, mafungu yale wanayolala ndege yaachwe. Ni muda wa saa tatu tu, siku nane kwa mwezi. Pikipiki zisipite, mbwa wafungwe, wapiga picha wakae mbali hatua mia mbili, na kile kidege cha mitambo cha kupigia picha kisirushwe juu yao, maana hukidhania kipanga. KWS inayo mamlaka juu ya Mida, kwa kuwa ni hifadhi. Serikali ya Kaunti inaweza kuweka kamba na kibao, kibao cha Kiswahili na Kigiriama, kinachoeleza kwa nini. Kenya imejiunga tangu mwaka 2001 na mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Kamba na kibao havizidi uwezo wa nchi iliyotia sahihi hiyo. Wenye hoteli wanaweza kuwaambia wageni wao asubuhi, wakati wa chai, na nina hakika wageni watasikia.

Hayo yote, lakini, hayataanza kwa kibao. Kijana wa pikipiki, nilipomaliza kumweleza siku ile, alizima injini akaniomba darubini. Nikamwonyesha kitwitwi mmoja aliyechelewa kuondoka, amesimama peke yake mchangani anatweta, manyoya ya kifua yameanza kuwa mekundu. Akanirudishia darubini bila kusema neno, akaiviringisha ile pikipiki kwa mikono hadi barabarani ndipo akaiwasha. Sasa yeye ndiye anayewazuia wenzake.

Bamvua ijayo nitakuwa pale pale, karibu na daraja la mbao la Mida, kuanzia saa nane na nusu mchana. Njooni na kofia, maji ya kunywa na mtoto mmoja mmoja. Darubini ninazo mbili, tutapokezana.